Daftari la Kijiji

Wako watu wengi wadhanio ya kuwa fedha ya umma ni mali ya mtu aliye mbali, naye huigawa apendavyo. Sivyo. Hapa Tanzania serikali za mitaa za wilaya ziliondolewa mwaka 1972, zikarudishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982. Sheria hiyo ndiyo iliyoupa Mkutano Mkuu wa Kijiji mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji; na mkutano huo ni wa kila mkaaji aliyetimiza miaka 18, mwanamume na mwanamke, ajuaye kusoma na asiyejua. Halmashauri ya Kijiji, yenye watu 15 mpaka 25, huchaguliwa na mkutano, na mkutano waweza kuiondoa.

Mimi ni mwalimu, na shuleni ndipo jasho la kijiji huonekana upesi. Kwetu darasa huanza kwa mawe. Wazazi husomba mawe na mchanga, akina mama huteka maji, wengine hutoa shilingi. Kuta zikisimama ndipo huombwa fedha ya wilaya ya kuezekea. Basi mama aliyebeba ndoo ishirini amekwisha kulipa kwa utosi wake, wala hakupewa stakabadhi. Je, asiulize?

Mwaka mmoja palikuwa na shauri kubwa: fedha iliyopo imalize nyumba ya mwalimu, au ijenge vyoo vya wasichana? Wazee walipendelea nyumba. Nami nilinyamaza, maana haikunipasa kujisemea. Mikono ilikuwa karibu kuinuliwa, mara mjane mmoja akasimama nyuma, akasema, "Bwana Mwenyekiti, tusomewe kwanza. Mwaka jana tulichanga kiasi gani, kimefanya nini, kimebaki nini?"

Mtendaji akafungua daftari. Ikaonekana ya kuwa mifuko 14 ya saruji ilinunuliwa, wala haikuingia ukutani. Kelele zikawa nyingi, na kura haikupigwa siku ile. Wakateuliwa watu watano, wawili wao wanawake, wakaitafuta. Mifuko tisa ilikutwa katika ghala ya mtu, mitatu imekwisha kuganda kama jiwe, iliyopotea ikalipwa. Mkutano uliofuata ukachagua vyoo, navyo vikajengwa. Nyumba ya mwalimu haina paa hata leo, nami napanga chumba.

Wengine husema kwamba kudai hesabu ni kumwita mwenzio mwizi. Mimi sikubali. Mtunza fedha mwaminifu hupenda kuulizwa, maana hesabu iliyosomwa mbele ya watu humlinda yeye kwanza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wala hawakusema ni mali ya nani.

Ugumu mwingine ni saa. Mkutano ukiitwa asubuhi wakati wa palizi, watakuja wazee na wenye maduka tu. Kwetu sasa huitwa Jumapili alasiri, na akina mama wamezidi wanaume. Mapato na matumizi hubandikwa ubaoni penye ofisi, lakini tarakimu ni ndogo na wazee macho yao hafifu. Kwa hiyo huwapeleka watoto wa darasa la saba wakainakili, wakawasomee wazazi jioni. Juzi mmoja alirudi na swali la baba yake: mbona mafuta ya pikipiki yameandikwa mara mbili? Nimempelekea Mtendaji swali hilo. Mkutano ni mwezi ujao.