Zinalia Unga

Mara ya kwanza kusimama kando ya karasha, kule Nyarugusu mkoani Geita, niliziba masikio kwa viganja. Pipa nene la chuma lilizungushwa na mkanda uliotoka kwenye injini ya dizeli, na ndani yake gololi za chuma ziliponda mawe yaliyopandishwa kutoka duarani, yaani shimo la machimbo. Vumbi lilikuwa limemkaa kila mtu kwenye kope. Nilikuwa nimemfuata mdogo wangu, ambaye ni mchimbaji, kumpelekea habari za nyumbani Kishapu. Akaniomba nisubiri mzigo wake usagwe kwanza.

Mwendesha karasha alikuwa kijana mdogo tu, ameinamisha kichwa, amefumba macho. Nikadhani amesinzia. Mdogo wangu akamsogelea na kumuuliza kama tayari.

"Bado, kaka. Zinalia mawe."

Tukasubiri. Kwangu ilikuwa kelele ile ile. Baada ya muda kijana akafumbua macho, akasema, "Sasa zinalia unga," akazima injini. Walipofungua mfuniko, mawe yalikuwa yamekuwa unga laini kama wa muhogo.

Nikamuuliza alijifunzia wapi. "Nimezisikiliza tu, mwalimu. Mwanzoni nilikuwa nafungua kila mara nichungulie, dizeli inaisha bure. Siku hizi sichungulii."

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kwa miaka mingi nimefundisha tarbia: mishororo minne, kila mshororo vipande viwili vya mizani nane nane. Wanafunzi wangu huhesabu silabi kwa vidole, kisha huniletea beti zilizotimia kwa hesabu lakini zimelala. Zimepimwa, hazikusikilizwa. Pale kwenye vumbi la Nyarugusu ndipo nilipoiona kasoro ya ufundishaji wangu. Nilikuwa nimewapa watoto rula nikasahau kuwapa sikio.

Tangu siku ile nimekuwa nikiutafuta ubunifu mahali ambapo sikuwahi kuutafuta, na kila nilipoukuta, kulikuwa na mtu aliyenyamaza kwanza akasikiliza.

Nilianzia nyumbani. Sisi Wasukuma tumekua na ushindani wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo hukutana uwanjani baada ya mavuno. Ngoma hupigwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, na hakimu ni watazamaji wenyewe: upande unaovuta umati mkubwa ndio ulioshinda. Manju anayetunga nyimbo za upande wake hawezi kutunga kwa kujifungia chumbani. Mwaka mzima husikiliza kisimani, mnadani na shambani, ajue watu wanalia nini na wanacheka nini. Hata kwenye bugobogobo, ngoma ya majembe, mdundo ndio unaoyainua majembe na kuyashusha kwa pamoja, na shamba ambalo lingemchosha mtu mmoja hulimwa na kundi likiimba. Utotoni niliiona kama burudani. Leo naona kwamba aliyeibuni aliyasikia mapigo yaliyokuwa tayari ndani ya kazi, akayapa wimbo.

Kisha nikaitazama ardhi yenyewe. Miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa imechakaa hadi ikaitwa jangwa la Tanzania. Misitu ilikuwa imefyekwa, kwanza kupambana na mbung'o, kisha kupisha pamba na mifugo na kupata kuni. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu walianza na vitalu vya miche, wakitaka watu wapande miti. Mwitikio ulikuwa hafifu. Mabadiliko makubwa yalikuja walipogeukia kitu ambacho wazee walikuwa nacho siku zote: ngitili. Hilo ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili majani yakue, kisha hufunguliwa kiangazi kikali, ng'ombe wakiwa wamebaki mifupa. Wazee walijua kwamba chini ya udongo ule visiki na mizizi vilikuwa bado hai. Havikuhitaji kupandwa, vilihitaji kuachwa. Na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alijibu mbele ya dagashida, baraza la jamii.

Hekta 600 hivi za ngitili zilizojulikana mwanzoni mwa mradi ziliongezeka, zikapita 300,000 kufikia miaka ya 2000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mimi niliyekua nikitembea mwendo mrefu na mama kutafuta kuni, nimeona kwa macho yangu kilima kilichokuwa kipara kikirudisha vivuli. Sayansi ile haikuvumbuliwa upya. Ilikuwa ndani ya neno la Kisukuma, ikingoja mtu wa kuuliza.

Lakini sikio linaweza kusikia upande mmoja tu. Siku ile ile Nyarugusu, mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, niliona unga wa mawe ukioshwa juu ya ubao uliotandikwa magunia. Dhahabu ina uzito wa zaidi ya mara 19 ya maji, mawe ya kawaida hayafiki mara tatu, hivyo mchanga huondoka na maji, dhahabu ikabaki gunini. Ni fizikia safi. Kisha ikaja zebaki kuishika dhahabu, na moto kuichoma zebaki, na mvuke usio na rangi ukapita puani mwa mama aliyebeba mtoto mgongoni. Vipo vyombo vya kufunika na kuunasa mvuke huo, hata vinavyoweza kuundwa kwa mabomba ya kawaida, na nimemsihi mdogo wangu asichome bila chombo. Fundi anayesikia chuma kikilia lazima ausikie pia mwili wake.

Niliporudi darasani niliwaambia wanafunzi waweke kalamu chini. Tukatoka nje, tukakaa dakika kumi bila neno. Kisha kila mmoja akaniletea mlio mmoja alioujua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.

Msichana mmoja alikuwa ametoka Geita, kwa mama anayegonga mawe kwa nyundo ili kupata ada. Hakusema kitu. Alikunja ngumi, akagonga dawati mara nane, akatua kidogo kama mtu anayefuta jasho, akagonga tena mara nane.

"Ndivyo mama anavyogonga," akasema. "Mwalimu, si ndiyo ile mizani?"

Nikampa kalamu.