Siku Mbili Kalemie kwa Ajili ya Elisi

Mtu asafiriye kwa ziwa kutoka Kalemie kwenda Moba huondoka alfajiri, kabla upepo wa kusi haujaamka. Nasi tulifanya vivyo hivyo, mwezi wa saba, katika chombo cha mbao cha zamani chenye mota ya mazutu. Tulikuwa pamoja na magunia ya chumvi, mbuzi wanne, akina mama na watoto wao, na wanafunzi waliokuwa wakirudi makwao likizoni.

Hatukufika mbali. Tangu mwaka 2020 maji ya Tanganyika yalipanda sana, yakafunika nyumba na miti ya mwambao, na kuta zilizobaki hujificha chini ya maji kama mamba. Tulisikia kishindo kimoja upande wa nyuma. Kisha chombo kizima kikaanza kutetemeka, hata sufuria za akina mama zikalia. Nahodha, mzee mwenye mvi, alipunguza mwendo, akafunua ubao wa nyuma, akatazama chini kwa muda, akageuza chombo.

Abiria walinung'unika, nasi tukiwa miongoni mwao. Mota si ilikuwa ikifanya kazi?

"Mwalimu," akatujibu, "mota ni nzima. Elisi ndiyo iliyopinda. Pale mhimili unapotoka nje ya chombo, kuna kamba yenye grisi inayozuia maji. Elisi mbovu huutikisa mhimili, mhimili huilegeza kamba, na maji huingia polepole chini ya magunia, asione mtu. Upepo ukitukuta kule mbele na watoto hawa, tutayachota kwa sufuria?"

Tukanyamaza.

Elisi, ambayo vitabuni huitwa rafadha, ndiyo mabawa ya shaba yanayozunguka majini na kukisukuma chombo. Mchana chombo kilivutwa pwani juu ya magogo, tukaiona: bawa moja kati ya matatu limekunjika ncha, na kipande cha ukubwa wa kidole gumba kimekatika.

Mwenye chombo akaja na elisi nyingine, yenye kung'aa, aliyoipata kwa bei nafuu. Fundi aliigeuza, akasoma tarakimu zilizochorwa kitovuni: 20 na 18. Ile ya zamani ilikuwa na 20 na 14. Tarakimu ya kwanza ni upana wa duara kwa inchi. Ya pili ni inchi ambazo elisi ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama ingekuwa parafujo ndani ya ubao laini. Lakini maji huteleza, na chombo kizito hupoteza sehemu kubwa ya mwendo huo. Mwenye chombo alidhani 18 kuipita 14 ni faida ya mbio. Fundi alicheka kwa adabu. Mota ile ingelemewa, ishindwe kufikia mizunguko yake, itoe moshi mweusi, ichemke, na mwisho ivunjike. Tena ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari, na hewa ya juu ni nyepesi: mota ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Huko Kivu, kwenye mita 1,460, hasara huzidi. Elisi iliyofaa baharini yaweza kuwa mzigo kwetu.

Basi ile ya zamani ikatengenezwa. Fundi hakuibandua kwa nyundo, asije akaupinda mhimili. Aliivuta kwa skrubu tatu, kidogo kidogo. Akailaza juu ya meza, akapima kimo cha kila bawa kwa umbali uleule kutoka kitovuni, akiyafanya mabawa mawili mazima kuwa mwalimu wa lile la tatu. Shaba ikigongwa baridi kwa nguvu hupasuka. Kwa hiyo alilipasha moto taratibu, akalirudisha kwa nyundo ya mti. Pengo alilijaza kwa kuchomelea shaba, kisha akakwangua kwa tupa hata jioni.

Kesho yake aliipachika elisi katika fimbo ya chuma iliyonyooka, akaiweka juu ya vyuma viwili vilivyosawazishwa. Bawa zito lilishuka chini. Akalipunguza kwa tupa, akajaribu tena, mara kumi na moja kwa hesabu yetu, mpaka elisi ikatulia popote ilipoachwa. Mwisho alizungusha mhimili kwa mkono mbele ya ncha ya msumari, apate kuona kama unayumba. Haukuyumba.

Siku ya tatu alfajiri, nahodha aliweka kikombe cha maji juu ya kifuniko cha mota. Maji yalicheza kidogo tu. Kabla ya adhuhuri tuliiona Mpala, na jioni tukakaribia Moba. Tulimkuta amepiga magoti penye ule ubao wa nyuma, akihesabu matone. Kamba hiyo, alisema, haitakiwi kukauka kabisa, kwa maana itaungua. Tone moja moja ndilo linaloipoza.

"Yako mangapi, Baba?" tukamwuliza.

"Manne kwa dakika," akasema, akarudisha ubao mahali pake.