Tuulize Kwanza, Kisha Tulipe Ada



Mimi ni mkulima wa pamba. Nilijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo. Leo nataka kuwaelezeni jinsi kusoma kulivyookoa maksai wangu.

Binti yangu alimaliza kidato cha nne. Tangu utoto alisema atakuwa daktari. Matokeo yalipotoka, alikuwa amepata C katika Kemia na Biolojia, na D katika Fizikia na Kiingereza. Hesabu alipata F. Hakuchaguliwa kwenda kidato cha tano. Alilia siku mbili.

Baadaye mtu mmoja alifika kijijini. Alikuwa akitafuta wanafunzi wa chuo kimoja cha binafsi cha utabibu. Alituambia, "Ada ni shilingi 1,500,000 tu kwa mwaka. Lipeni mapema, nafasi zinakwisha."

Nilikuwa na maksai wawili wa kulimia. Nikaamua kuwauza. Mama watoto akaniuliza, "Tukiwauza, mwakani tutalima na nini? Na ada ya mwaka wa pili itatoka wapi?" Sikuwa na jibu.

Usiku nilichukua karatasi ya chuo, nikaisoma polepole. Chini ya ada yalikuwapo malipo mengine. Malazi 400,000. Chakula 900,000. Sare na vifaa 250,000. Mitihani 150,000. Nilijumlisha yote nikapata shilingi 3,200,000 kwa mwaka. Masomo ni ya miaka mitatu, kwa hiyo jumla ni shilingi 9,600,000. Yule bwana alikuwa ametaja ada peke yake.

Kulipokucha tulikwenda, mimi na binti yangu, kwa mwalimu wa sekondari. Alitueleza kwamba ziko njia mbili za kufika kwenye udaktari.

Njia ya kwanza ni kusoma kidato cha tano na cha sita, kufaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, kisha kuomba chuo kikuu. Serikali iliondoa ada ya vidato hivyo katika shule zake mwaka 2022.

Njia ya pili ni kusoma stashahada ya utabibu kwa miaka mitatu. Mtu akifaulu huwa tabibu. Anaweza kufanya kazi, akaweka akiba, kisha akaomba chuo kikuu. Huko udaktari husomwa miaka mitano, na baada yake kuna mwaka mmoja wa utarajali hospitalini.

Kisha mwalimu alifungua mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu. Tabibu anayeomba kusoma udaktari lazima awe na wastani wa B katika stashahada yake. Tena lazima awe na angalau D ya kidato cha nne katika Hesabu, Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza.

Mwalimu akamwambia binti yangu, "Chuo cha utabibu kinaweza kukupokea na F yako ya Hesabu. Lakini F hiyo itakuzuia mlangoni mwa chuo kikuu."

Tuliamua asubiri mwaka mmoja. Haikuwa rahisi. Aliniambia, "Baba, wenzangu wananiacha." Mchana alilima pamoja nasi ekari moja ya pamba, tuliyoitenga kwa ajili ya chuo. Jioni alikwenda kwa mwalimu kujifunza Hesabu. Alirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapata D. Siku ile mama yake alipiga vigelegele.

Mwaka uliofuata aliingia chuo cha serikali chenye gharama ndogo zaidi. Sasa yuko mwaka wa pili. Nimeuza pamba na mbuzi watano. Maksai wangu bado wako zizini.

Ndugu wazazi, kabla ya kulipa fedha tuulize mambo haya:

1. Je, chuo kimesajiliwa na NACTVET? Na je, masomo hayo yenyewe yanatambuliwa?

2. Jumla ya gharama zote, kwa miaka yote, ni kiasi gani?

3. Stashahada hiyo itamwezesha mtoto kuendelea mpaka wapi? Alama zake za kidato cha nne zinatosha?

4. Je, anaweza kuomba mkopo? Tangu mwaka 2023 Bodi ya Mikopo hukopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, wakiwemo wa afya. Lakini si wote wanaopata, na mkopo ni deni la kulipwa.

Masharti hubadilika, kwa hiyo tusome mwongozo wa mwaka huohuo. Asiyejua kusoma vizuri amwombe mwalimu amsomee.

Binti yangu bado hajawa daktari. Safari ni ndefu. Lakini tunajua inapita wapi, na tunajua gharama yake. Kuuliza si ujinga.