Nirushie Sauti

Kaka yangu alipoenda Doha mwaka wa 2022 aliniachia ufunguo wa Forester, galoni ya oili iliyobaki nusu, na sharti moja. Kila Jumapili asubuhi, kabla injini haijapata joto, niliwashe gari, nirekodi, nimtumie kwa WhatsApp.

"Nirushie sauti tu," aliniambia pale JKIA, begi mgongoni kama mtu anayeenda Nakuru kurudi jioni. "Picha sitaki. Gari haibadiliki sura. Sauti ndiyo hubadilika."

Nilicheka. Nilidhani ni yale mapenzi ya wanaume kwa magari, yale ya kuosha rimu na mswaki. Nikadhani pia ni upweke, kwamba huko Doha atakuwa anaisikiliza kama mtu anavyosikiliza wimbo wa nyumbani. Kuhusu upweke sikukosea. Lakini nusu nyingine ya maana yake ilinipita, na ilinigharimu zaidi ya laki mbili kuielewa.

Kama umekulia Nairobi, hiyo sauti unaijua hata kama hujui jina la injini. Saa saba usiku uko kitandani, unasikia kitu kikipita Thika Road, dugu-dugu-dugu, kama mtu anapiga ngoma nzito chini ya maji. Sisi hukaa Kahawa West. Mama yangu hajui tofauti ya klachi na gia, lakini kaka akikata kona ya kwanza ya mtaa, mama alikuwa ameshainjika chai. Kaka akifika getini hakuzima gari mara moja. Alikaa ndani dakika nzima huku injini ikinguruma. Kwa miaka mama aliamini anamalizia kuongea na msichana kwa simu. Kumbe alikuwa anapoza turbo.

Ni yeye aliyenieleza sauti inatoka wapi. Katika magari mengi pistoni zimesimama zikipanda na kushuka. Za Subaru zimelala, mbili kushoto, mbili kulia, zinarusha ngumi kama mabondia waliopeana migongo. Subaru wanaijenga hivyo tangu mwaka wa 1966. Lakini kulala kwa pistoni peke yake hakuleti ule mngurumo. Turbo ya injini kama yetu, EJ20, imekaa upande mmoja. Moshi wa silinda za upande huo una safari fupi kuifikia. Ule wa upande wa pili lazima upitie bomba refu chini ya injini ndipo ukutane na mwenzake. Silinda zinawaka kwa mpangilio sawa kabisa, ila moshi unafika kwa kuchelewa na kuwahi, kuchelewa na kuwahi. Hiyo ndiyo dugu-dugu.

Kwa maneno mengine, kinachopendwa ni kasoro. Miaka ya 2000, huko Japani, walitengeneza modeli ambazo mabomba yake yana urefu sawa, turbo ikawa inaamka mapema, gari likawa jepesi kukanyaga. Na mngurumo ukapotea. Kuna watu hununua gari kama hilo kisha wanalipa fundi aondoe mabomba mazuri na kuweka yasiyolingana, ili tu lilie vile linafaa kulia. Kaka aliniambia hivi akicheka, lakini najua angekuwa nalo angefanya vivyo hivyo.

Na sisi Wakenya tuna kisingizio. Mwaka wa 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza ya buluu. Kabla yake, Patrick Njiru alikuwa ameshafanya watoto wa nchi hii waamini kwamba Subaru ni gari la kwetu. Mimi sikuona hayo. Niliyarithi, kama mtu anavyorithi timu ya mpira.

Basi nikaanza kuendesha. Nitakuwa mkweli: ilinipenda kwanza sauti yake, kisha ile heshima. Msichana kwenye Vitz husukumwa na matatu. Msichana huyo huyo kwenye Forester XT hupewa njia. Kwenye taa za Roysambu vijana walinichungulia, wakiona ni mimi wanashangaa, halafu wananipa dole gumba. Nilianza kuingia kwenye mikutano ya Jumapili ya wenye Subaru. Na huko, nikiwa mmoja wa wasichana watatu, nikaona gari langu ndilo lenye sauti ndogo.

Februari 2023 nikaenda kwa fundi wa ekzosi, akakata mafla ya kaka na kuweka nyingine pana kama kikombe cha uji. Sikumwuliza kaka. Jumapili iliyofuata nilimtumia rekodi. Akanyamaza siku nzima, kisha akaandika: "Umebadilisha mafla."

"Iko poa sana, ama?"

"Ni kubwa," akajibu. Nikachukulia kuwa ni sifa.

Aprili, masika yamekolea, niliwasha gari chini ya mabati ya maegesho, mvua ikimwagika, nikarekodi kama kawaida. Akanipigia kabla sijafika mlangoni.

"Siz, iko na tiki. Isikize vizuri upande wa kulia. Uliangalia oili?"

"Niliangalia. Iko sawa."

Sikuwa nimeangalia. Sikuwa nimeangalia tangu Januari. Ukweli ni kwamba nilijua kufungua boneti, lakini sikuwa na uhakika ni kijiti kipi cha oili na kipi cha gia, na kwenye ile mikutano ningekufa kuliko kuuliza. Ningeweza kukueleza urefu wa mabomba na mshindi wa Safari 1997. Kupima oili, hapana. Na tiki aliyoisikia yeye akiwa Doha, kwenye spika ya simu, mimi niliyekaa juu yake sikuisikia. Mafla yangu mpya ilikuwa inapiga kelele kuliko kila kitu kilichokuwa kinataka kuniambia jambo.

Akauliza tena wiki mbili baadaye. Nikajibu tena, iko sawa.

Juni tulienda Naivasha kuona WRC. Msafara wa magari kumi na kitu, vumbi, nyama choma, kulala kwa hema. Tulirudi Jumapili jioni kupitia Mai Mahiu. Ule mlima unaujua: malori yanatambaa, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine Bonde la Ufa lote limetandazwa. Mwenzangu wa mbele aliyapita malori mawili kwa mpigo, dugu-dugu ikigonga ukuta wa mlima na kurudi. Sikutaka kuachwa. Nikashuka gia ya tatu, nikakanyaga.

Sijui ni sekunde ngapi. Nakumbuka taa nyekundu ya oili ikiwaka kwenye dashibodi, nikijiambia nitaangalia tukifika juu. Kisha nikaisikia, sasa hata mafla haikuweza kuificha: ko-ko-ko-ko, kama mtu aliyefungiwa chumbani anabisha na nyundo. Nikapeleka gari kando. Likazima lenyewe.

Wenzangu walisimama, wakafungua boneti, wakainama wote kama madaktari. Hakuna aliyejaribu kuliwasha.

"Imenoki," mmoja akasema kwa sauti ya chini, ile sauti ya matanga.

Kisha mjadala ukaanza, kwa sababu watu wa magari hawawezi kuzika bila mjadala. Mmoja akasema ndiyo sababu babake hanunui kitu kisichoitwa Toyota. Mwenye Evo akasema alituonya. Akaambiwa mwaka jana Evo yake mwenyewe ilirudi Nairobi mgongoni mwa lori. Jamaa mwingine akaapa kuwa EJ20 ukiitunza inafika kilomita laki tatu bila kufunguliwa, na ya kwake iko karibu. Muuza mahindi aliyekuwa akitutazama akasema hapo mlimani kila baada ya rally hakukosekani moja.

Yule mkimya kati yetu, ambaye gari lake halina hata stika, alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa, akakirudisha, akakitoa tena. Kilikuwa kikavu. Akanionyesha bila kusema kitu. Halafu, kama mtu anayenihurumia, akasema: "Subaru haifi, siz. Huuliwa."

Fundi aliifungua siku ya tatu. Ni mzee wa makamo, gereji yake iko nyuma ya Kirinyaga Road, na kaka alikuwa akimwamini kuliko daktari. Alimwaga oili kwenye beseni. Injini inayotaka takriban lita nne ilitoa chini ya lita mbili, na ndani yake kulikuwa na vumbi linalong'aa kama glita ya kucha.

"Hii ni beringi," akasema. "Silinda ya tatu. Imekula krenki."

Nikamwuliza kama ni ule ugonjwa wa Subaru unaosemwa kila mahali.

"Gani? Ya gasketi? Hiyo sana ni ya zile 2.5." Akanichorea kwa kidole kwenye vumbi la meza. Nafasi kati ya silinda ni ile ile, lakini tundu la 2.5 ya turbo ni milimita 99.5 na la 2.0 ni 92, kwa hivyo kwenye 2.5 ukuta unaobaki ni mwembamba. "Yako ni 2.0. Hii ilikuwa injini ngumu, siste. Hiyo ndiyo inaniuma. Injini ya turbo hunywa oili kidogo kidogo, haijifichi. Ilikuwa inakuambia."

Nilitaka anilaumu kwa sauti kubwa. Hakufanya hivyo. Alinawa mikono na kunipa stuli nikae.

Jumapili ikafika. Kaka akatuma: "Sauti?"

Ningemwambia. Niliandika ujumbe mara tatu, nikafuta mara tatu. Alikuwa kule anafanya kazi ya zamu kwenye joto la Julai, anatuma pesa za dawa ya presha ya mama kila mwezi, na kitu kimoja tu alichoomba arudishiwe kilikuwa dakika moja ya kelele. Nikatafuta kwenye simu rekodi ya zamani, nikamtumia. Akaweka moyo. Nikapumua.

Wiki iliyofuata nikatuma nyingine. Na ya tatu. Mama alikuwa anajua gari liko wapi, lakini hakuniuliza nimemwambia nini kaka. Aliniangalia tu nikiwa nimeshika simu, akarudi jikoni.

Jumapili ya nne kaka alipiga video. Alikuwa amekaa kitandani, juu ya kitanda cha mtu mwingine, maana wanalala kwa ngazi.

"Siz, huko kunanyesha?"

"Hapana. Baridi tu."

"Hii umenitumia leo iko na mvua. Mvua kubwa, kwa mabati." Akatulia. "Hii ni ile ya Aprili. Na tiki yake iko."

Nikaanza kulia kabla sijasema neno. Nikamweleza yote, kutoka mafla hadi mlima. Nilisema samahani mara nyingi mpaka neno likaisha utamu. Alinisikiliza hadi mwisho, vile anavyosikiliza injini.

"Gari ni chuma," akasema. "Imenoki, tutaweka ingine. Lakini hukuniambia, siz. Mimi niko mbali. Kitu pekee niko nacho ni kile mnaniambia. Ukianza kunitumia mvua ya Aprili mwezi wa Julai, siku mama akiwa mgonjwa nitajuaje?"

Hapo ndipo nilielewa sharti lake. Nilikuwa nimeshaanza kumzoeza kaka yangu kutoniamini.

Fundi alinipa njia tatu: kuuza gari kama vipuri, kuweka injini isiyo na turbo iliyo rahisi na tulivu, au kutafuta EJ20 ya turbo iliyotumika kutoka Japani. Kaka alisema niweke ile tulivu, yeye hahitaji kelele. Mara ya kwanza maishani nilimkatalia. Nilikuwa na akiba ya kuhama nyumbani, ya deposit na fanicha. Nikaichukua yote. Injini ya turbo ikaja, fundi akaifungua sampu na kuikagua kabla ya kuiweka, akabadilisha mkanda wa taimingi na pampu ya maji kwa sababu ukikatika huo mkanda, pistoni na vali hukutana. Mafla yangu pana nikamwambia aitoe, arudishe ya kawaida. Bado niko Kahawa West, chumba kile kile.

Huwa naulizwa kwenye mikutano kama Subaru inaaminika. Kabla ya kujibu nauliza swali langu: lini umepima oili mara ya mwisho? Wengi huanza kunieleza kuhusu sauti.

Siku nilipolirudisha gari nyumbani ilikuwa jioni. Lilikuwa linanguruma chini chini, sauti ile ya zamani, ya kaka. Nilikaa getini dakika nzima nikipoza turbo. Nilipoingia chai ilikuwa mezani, na mama hakusema kitu.

Jumapili nilitoa gari mahali pa tambarare kabla ya kuliwasha. Nikaanza kurekodi nikiwa nje: boneti ikifunguka, kijiti kikitoka, kitambaa, kijiti kikirudi, kikitoka tena. Kisha nikawasha. Nikamtumia yote, dakika mbili na nusu.

Jibu lilikuja baada ya zamu yake.

"Oili iko wapi?"

"Alama ya juu."

"Haya," akaandika. "Asante, siz."