Vijana Niliowauguza Mirembe

Nilianza kazi ya uuguzi katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati ule baba akimleta mwanawe, neno la kwanza lilikuwa kurogwa. "Sista, mtoto huyu wamemchezea." Bangi ilitajwa baadaye, na mara nyingi aliyeitaja ni mdogo wa mgonjwa, baba akiwa ametoka nje.

Namkumbuka zaidi kijana mmoja wa sekondari, hodari wa hesabu, aliyeanza kuvuta akiwa na miaka 14. Alipofikishwa kwetu alikuwa halali; alisikia watu wakimsema ukutani, na chakula alikikataa akidai kina sumu. Dawa ya klopromazini ilimtuliza. Akarudi kwao, akarudia bangi, akaletwa tena. Mara ya kwanza, alipopata nafuu, aliwafundisha wenzake hesabu wodini. Mara ya mwisho sauti zilinyamaza, lakini nililomwambia asubuhi, mchana hakuwa nalo.

Tulipokea pia wazee waliovuta miaka mingi. Walikohoa sana, na wakikosa bangi walikosa usingizi na kuwa wakali. Lakini wengi wao walianza ukubwani, na akili zao walikuwa nazo. Tofauti hiyo ilinisumbua kwa muda mrefu.

Nilipata mwanga niliposoma utafiti wa Sweden uliotolewa mwaka 1987, uliofuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioitwa jeshini. Waliokwisha kuvuta zaidi ya mara 50 walipata ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, wa mwaka 2012, ulikuta kuwa walioanza kabla ya miaka 18 na kuendelea walipungukiwa takriban alama 8 za kipimo cha akili. Ubongo hukomaa hadi miaka 25 hivi, na kemikali ya bangi iitwayo THC huuingilia ungali unajengwa.

Si kila mvutaji huugua. Ila penye ugonjwa wa akili katika ukoo hatari ni kubwa zaidi, na familia nyingi huficha habari hiyo.

Mzazi, usiifiche. Mwambie mwanao angali shule ya msingi. Na ukiona anajifungia, halali, anazungumza na asiyeonekana, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Kijana yule alizungushwa kwa waganga mwaka mzima kabla hatujamwona.