Kabla hujatuma pesa ya kambi ya kuogelea Marekani

Wasee, nitasema kitu na najua wengine mtakasirika: kambi ya kuogelea ya chuo kikuu cha Marekani si trayo. Hakuna kocha anayekaa ukingoni mwa bwawa na kalamu mkononi akingoja kukupea skolashipu. Ni masomo ya siku chache unayoyalipia, kama vile mzazi wako alivyolipia tuition ya hesabu. Tofauti ni kwamba huyu mwalimu amewahi kufundisha watu wenye medali.

Tangu nianze kuposti video za kuogelea, inbox yangu imejaa swali hilo moja. "Nikienda kambi ya Texas wataniona?" "Stanford wanachukua Wakenya?" Nilikuwa najibu mmoja mmoja mpaka mambo yakafika kwetu nyumbani.

Mdogo wangu ana miaka 16. Anaogelea kipepeo, na anaogelea vizuri, sisemi hivyo juu ni wetu. Mwezi wa pili alipata barua pepe yenye jina lake kabisa, imeandikwa kwamba amealikwa kwenye kambi ya kiangazi ya chuo fulani. Alilia. Mathe naye akalia. Siku chache baadaye akatokea jamaa mmoja anajiita ajenti, akasema anaweza kututafutia "nusu skolashipu ya kambi", bora tu tumtumie shilingi elfu sitini kwanza ya kushika nafasi. Kufikia Jumapili, mathe alikuwa ameshapigia mjomba simu kuhusu ng'ombe wawili walioko ushago.

Nikaomba wanipe siku mbili nisome. Nilichopata ndicho hiki.

Michezo ya vyuo vikuu Marekani inasimamiwa na shirika linaloitwa NCAA, na wana sheria za kambi. Chuo cha NCAA kikifungua kambi, lazima kiifungue kwa yeyote anayetaka kuja. Wanaweza kuweka kikomo cha idadi, umri, kidato au jinsia, lakini hawawezi kusema hii ni ya mastaa tu. Kwa hivyo ile "umealikwa" haimaanishi wamekuchagua. Barua kama hiyo wanatumiwa watu wengi sana, na kazi yake ni ile ya bango la supamaketi lenye maneno "karibu mteja".

Sheria ya pili ndiyo ilimaliza stori ya ajenti. Chuo hakiruhusiwi kumpa mchezaji wa shule ya sekondari wanayemtafuta nafasi ya bure kambini, wala kumpunguzia bei. Sababu yake iko wazi: punguzo lingekuwa hongo ya kumvuta aje chuoni kwao. Sasa fikiria. Ile "nusu skolashipu ya kambi" ni kitu ambacho chuo chenyewe kimekatazwa kumpa kijana wanayemtaka. Jamaa wa Nairobi aliipata wapi? Nilimuuliza hilo swali kwa WhatsApp. Tiki mbili za bluu, halafu kimya mpaka leo.

Tupige hesabu pia, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa amepiga. Kambi aliyoonyeshwa mdogo wangu ilikuwa dola 1,400, kulala na chakula ndani, siku tano. Hiyo ni kama shilingi 180,000. Ombi la viza ya kutembelea ni dola 185, na hiyo hairudi hata ukinyimwa. Hapo bado ndege. Hapo bado mtu mzima wa kumsindikiza mtoto wa miaka 16. Ng'ombe wawili hawatoshi, hata wangekuwa wa maziwa.

Halafu kuna kitu cha kuchekesha ambacho hakuna aliyekiona: kalenda. Kiangazi chao ni Juni na Julai. Juni na Julai mtoto wa Kenya yuko darasani, muhula wa pili. Unalipa hiyo pesa yote na bado unaomba ruhusa kwa mwalimu wa darasa.

Sasa nisieleweke vibaya. Kambi zenyewe ni kali. Asubuhi mko majini, katikati ya siku ni mazoezi ya nchi kavu na video, jioni mnarudi majini. Mnalala kwenye mabweni ya chuo na kula kantini ya chuo. Mara nyingi wanaokufundisha sana ni makocha wasaidizi pamoja na waogeleaji wa chuo wenyewe, na kwangu hiyo si hasara, kwa sababu mtu wa miaka 20 anakumbuka bado ilivyokuwa kutojua. Wanakurekodi chini ya maji, halafu mtu anakaa na wewe na kukuonyesha polepole: ona mkono unaingia hapa, ona magoti yanavyopiga breki.

Wanashinda sana kwenye vitu ambavyo huku tunavipita haraka, yaani kuruka, kugeuka ukutani, na kupiga miguu kama pomboo chini ya maji. Ukiwa umezama kiasi unakwepa mawimbi ya juu yanayokurudisha nyuma, kwa hivyo wenye ujuzi wanakaa huko chini kadiri wanavyoruhusiwa. Na kikomo kipo: kwa fristaili, mgongo na kipepeo, kichwa lazima kiwe kimetoka juu ya maji kufikia mita 15. Mdogo wangu alikuwa anatoka kwa mita 6. Mita tisa za bure anaziacha kila anaporuka! Hiyo nilijua bila kupanda ndege, niliihesabu kwa vigae vya ukuta.

Kuhusu kuonekana. Kocha wa chuo anaangalia muda wako. Siku hizi Bob Bowman, yule aliyemkuza Michael Phelps, yuko Texas, na kila kijana anadhani akionana naye macho kwa macho mambo yatajipa. Lakini saa ya mashindano inaongea kabla yako. Tena ujue mashindano yao ya vyuo yanaogelewa kwenye bwawa la yadi 25, ambalo ni kama mita 22.86. Usitume muda wako wa mita bila kusema ni wa mita, ukaonekana mzito bure.

Na skolashipu yenyewe si nyingi vile tunadhani. Kwa miaka mingi, mpaka 2025, timu ya wanaume ya daraja la kwanza ilikuwa na kikomo cha skolashipu kamili 9.9. Ndiyo, nukta tisa. Makocha walikuwa wanazikatakata kama mkate, huyu robo, huyu nusu, huyu vitabu. Sasa sheria imebadilika: vyuo vilivyokubali mfumo mpya havina kikomo hicho cha skolashipu, lakini timu haizidi watu 30. Kwa hivyo yule wa 31, hata kama alikuwa tayari kujilipia, hana nafasi.

Mtu atasema, na Jason Dunford je? Sawa, tumzungumzie, kwa sababu kizazi chetu kinamjua zaidi kama Samaki Mkuu wa muziki. Huyo ni mtoto wa Nairobi aliyeogelea Stanford. Beijing 2008, kwenye mchujo wa mita 100 kipepeo, aliweka rekodi ya Olimpiki ya sekunde 51.14. Ilidumu dakika chache tu kabla Mserbia Milorad Čavić aivunje, lakini iliwekwa na Mkenya. Kwenye fainali akamaliza wa tano. Mwaka 2010 huko Delhi akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola, mita 50 kipepeo. Ukiniuliza nini humfikisha mtu hapo, nitakwambia ni miaka ya kuamka alfajiri kwenye bwawa lenye maji safi na kocha anayejua kazi. Siku tano za Julai ni chumvi tu, na chumvi bila mboga huli.

Hapo kwa mboga ndipo roho inaniuma. Kwa nini vyuo vya Marekani vina kambi hizi? Kwa sababu wanafunzi wakienda likizo bwawa linabaki tupu, na makocha wasaidizi wanahitaji kuongeza mapato. Basi wanaingiza watoto wa mtaa. Hilo hata sisi tunaweza. Agosti watoto wetu wako nyumbani. Kasarani kuna bwawa la mita 50 tangu ile Michezo ya Afrika ya 1987. Na kuna vyuo vya umma vyenye bwawa ndani ya geti. Nilienda kimoja mwezi wa nne kuuliza kama wana programu ya likizo. Maji yalikuwa kijani. Askari akaniambia nirudi mwaka ujao, "labda watakuwa wameosha".

Na usidhani hii ni hadithi ya medali pekee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi hufa maji kila mwaka, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Mimi sihitaji ripoti. Mtaani kwetu kulikuwa na kwari iliyojaa maji ya mvua. Nikiwa darasa la saba, vijana wawili wa shule yetu waliingia huko likizo ya Agosti, jua kali, hakuna kingine cha kufanya. Mmoja alirudi. Yule mwingine tulikuwa tunakaa dawati moja. Alikuwa anaazima rula yangu kila siku na harudishi.

Ng'ombe bado wako ushago. Mdogo wangu alinuna wiki mbili, halafu akaandika barua pepe sita mwenyewe kwa makocha wa vyuo vidogo, na muda wake, na video, na matokeo ya shule. Mmoja amejibu, akaomba atumiwe muda mpya mwezi wa kumi. Hiyo barua pepe imekuwa bure, na amesomwa na kocha kamili.

Agosti hii nitakuwa na wiki yangu ndogo. Mwenye bwawa ninapofundisha wikendi amekubali kutupa asubuhi tano kwa shilingi 200 kwa kichwa, na mlinzi wa waogeleaji yuko. Nimenunua mfuko wa simu usioingiza maji, kwa hivyo video ya chini ya maji iko. Wenye kuogelea mita 50 bila kusimama waje saa kumi na mbili asubuhi, tutafanya kuruka na kugeuka mpaka mchoke. Wasiojua kabisa waje saa mbili, na hao ndio nawataka zaidi. Zimebaki nafasi saba. Kuja na taulo yako, na umwambie mzazi mahali uko.