Fimbo ya Baba

Baba alikuwa akitufanyia mazingaombwe sebuleni, fimbo nyeusi yenye ncha nyeupe ikizunguka vidoleni kama pangaboi. Baada ya kiharusi ikawa inamdondoka. Nikamchongea nyingine kwa mti wa fagio, sentimita 30, nikaipiga msasa mpaka ikawa nyembamba. Mimi fundi wa habari, si wa mbao! Niliitaka iwe nyepesi. Kumbe fimbo nyepesi hugeuka upesi mno, vidole vilivyochoka haviiwahi. Basi nikatoboa ncha zote mbili, nikapachika vipande vya chuma vyenye uzito sawa, nikailaza juu ya kidole mpaka ikatulia. Katikati nikazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, isiteleze.

Mzee akaizungusha mara moja. Ikadondoka.

“Lete tena,” akasema.